Tanbihi ya Kumi na Nne

Kila mwaka, wiki ya tatu ya muhula, nilikuwa nawatega wanafunzi wangu wa mwaka wa pili. Nasema hivyo bila aibu, maana wakati ule sikuwa nayo. Niliingia maktaba, nikaketi kwenye kompyuta ya pembeni iliyotengwa kwa wahadhiri, nikafungua kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote mwenye vidole anaweza kuihariri, nikachagua ukurasa mdogo usio na wasomaji na kupachika humo sentensi moja ya uongo. Kisha niliwapa darasa insha juu ya jambo hilohilo. Insha ziliporudi, sikuwa na haja ya kuzisoma. Nilitafuta sentensi yangu tu. Aliyekuwa nayo alipata sifuri.

Mwaka mmoja niliwaongezea daraja la mji nguzo mbili. Mwaka mwingine nilimuua mkuu wa posta wa zamani kwa kuumwa na nyuki, na watu wazima thelathini na saba, waliopita mitihani yote ya taifa, wakaandika kwa huzuni kuhusu nyuki wale. Siku ya kurudisha insha niliwasimamisha mmoja mmoja wasome sentensi hiyo kwa sauti. Nyuma ya mgongo wangu waliniita Kinyozi, kwa sababu niliwanyoa bila maji. Jina hilo nililijua na nililipenda.

Mwaka ninaousimulia nilichagua ajali ya treni. Nje kidogo ya mji wetu, pale barabara inapokatisha reli, treni ya mizigo iligonga basi miaka ishirini na mitano iliyopita. Watu ishirini walikufa, mmoja wao mlinzi wa kizuizi, yule aliyekuwa akishusha boriti kuzuia magari treni ikikaribia. Ukurasa wake ulikuwa na aya tatu. Niliongeza: "Uchunguzi ulibaini kuwa mlinzi wa kizuizi alikuwa amelewa chakari." Sikumtaja jina. Nilimchagua yeye kwa sababu maiti hashtaki, na mlinzi wa kizuizi si waziri ambaye wajukuu wake wangenipigia simu. Ilinichukua dakika mbili, kisha nikaenda kunywa chai.

Wiki iliyofuata mwandishi wa gazeti alinipigia. Walikuwa wanaandaa makala ya kutimia miaka ishirini na mitano ya ajali ile, na manispaa ilikuwa imeamua kusimika jiwe la kumbukumbu.

"Dokta, nimesoma mtandaoni kwamba mlinzi alikuwa amelewa. Ni kweli hiyo?"

Ningeweza kusema sina ushahidi. Yalikuwa maneno mawili tu. Lakini jina langu lilikuwa mbele ya jopo la kupandisha vyeo, nilikuwa nasubiri uprofesa mwaka wa sita, na mtu anayesubiri uprofesa hapendi kuonekana gazetini akisema hana kitu. Tena niliogopa, na hili ndilo dogo kuliko yote, kwamba nikikanusha mwanafunzi mmoja atasoma gazeti na mtego wangu utaharibika.

"Ndivyo inavyosemekana," nikasema.

Jumamosi gazeti liliandika kwamba mtaalamu wa historia wa chuo kikuu amethibitisha, likanitaja kwa jina. Niliikata makala ile kwa mkasi, nikaiweka kwenye jalada la jopo.

Insha zilikuja sitini na tatu. Hamsini na nane zilikuwa na mlevi wangu. Wengine walimpamba: mmoja alimpa chupa mkononi, mwingine akasema alikuwa na historia ndefu ya ulevi, jambo ambalo hata mimi baba yake sikulijua. Darasani niliwasimamisha kama kawaida. Msichana mmoja wa mstari wa pili alilia alipofika kwenye neno chakari, nikamwambia arudie maana sikusikia vizuri.

"Mtandao ni jalala," niliwaambia. "Kuku tu ndiye anayekula jalalani bila kuuliza."

Kijana mmoja mrefu alinyoosha mkono. "Dokta, mimi sikutumia mtandao. Nimetumia gazeti. Na gazetini wewe mwenyewe ndiye uliyesema."

Nilimtazama mpaka mkono ukashuka wenyewe.

"Nilisema inasemekana," nikamjibu. "Wewe ulienda kuuliza inasemwa na nani? Sifuri. Kaa."

Walicheka kwa woga, na mimi nikaendelea na orodha. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Siku ile hakuna aliyenyoosha mkono tena.

Insha moja sikuisoma darasani. Ilikuwa ya mwanamke wa miaka ishirini na sita hivi, aliyechelewa kuanza chuo, anayekaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Mimi nilimbatiza Tanbihi, kwa kuwa hakuweza kuandika hata kwamba jua huchomoza bila kuweka namba ndogo na kueleza chini ya ukurasa amelitoa wapi. Wenzake walilidaka jina hilo, likamganda.

Tanbihi alikuwa ameifungua kamusi elezo kama wengine wote. Lakini yeye aliitumia kama mtu anayeuliza njia kwa mpita njia, kisha anauliza na wa pili. Alishuka kwenye orodha ya vyanzo chini ya ukurasa, akaenda kuvitafuta. Alifungua historia ya mabadiliko, pale panapoonyesha kila sentensi iliongezwa lini na nani. Mwisho wa ukurasa wa tano, tanbihi ya kumi na nne ilisema: "Dai kwamba mlinzi alikuwa amelewa limeongezwa siku ileile tuliyopewa zoezi hili, kutoka kompyuta ya maktaba yetu. Halikuwa na chanzo hadi makala ya gazeti ilipotoka, na mtaalamu aliyenukuliwa gazetini hataji chanzo chake. Sijalitumia."

Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nikidai kuifundisha kwa miaka kumi na tisa. Niliisoma mara mbili, masikio yakinichoma kwa hasira. Nilimpa sitini na moja kwa mia na kuandika kwa wino mwekundu: "Tanbihi nyingi kuliko hoja."

Alasiri hiyo nilikwenda maktaba kufuta sentensi yangu, kama nilivyofanya kila mwaka baada ya kunyoa. Nikakuta mtu ameipamba. Mbele yake palikuwa na namba ndogo ya chanzo: gazeti lile, Jumamosi ile. Niliifuta. Kabla ya dakika kumi ilikuwa imerudi, na mhariri mmoja wa kujitolea, sijui yuko wapi duniani, alikuwa ameniandikia: "Tafadhali usifute maelezo yenye chanzo." Nikamjibu kwamba maelezo hayo ni uongo. Akauliza, kwa adabu tu, "Una chanzo kinachosema hivyo?"

Nilibaki nimekodolea macho kioo cha kompyuta. Chanzo nilikuwa nacho, kilikuwa kimekaa kwenye kiti changu, kimevaa tai. Lakini ili kimwambie yule mhariri ukweli, ilibidi kiseme jina lake. Nilifunga kompyuta nikaenda nyumbani.

Ijumaa Tanbihi alibisha mlango wa ofisi yangu. Nilidhani amekuja kulalamikia alama, nikajiandaa.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Alama hazibadilishwi."

"Sijaja kwa alama." Alibaki amesimama, bahasha ya plastiki kifuani. "Yule mlinzi ni baba yangu."

Aliweka bahasha mezani, akatoa nakala za ripoti ya uchunguzi, kurasa tisa alizozipata kwenye makabati ya shirika la reli baada ya kwenda mara nne. Alizisukuma upande wangu, akanionyesha kwa kidole bila kuzisoma, kwa kuwa alikuwa amezikariri. Waya wa boriti ulikuwa umekatika wiki tatu kabla ya ajali. Mlinzi aliandika kwenye daftari la zamu kuomba matengenezo mara kumi na moja. Siku ile alitoka kibandani na bendera nyekundu, akasimama katikati ya barabara kulizuia basi. Dereva hakupunguza mwendo. Mlinzi aligongwa na basi kabla basi halijagongwa na treni. Daktari aliyeupima mwili hakukuta kilevi.

"Nilikuwa na miezi minane," alisema. "Mama alinilea kwa habari ya ile bendera. Macho yake yameshaziba, haoni tena, ila gazeti jirani alimsomea. Toka siku ile halali vizuri. Ananiuliza, mwanangu, kumbe baba yako alikuwa anakunywa, mbona mimi sikujua?"

"Pole," nikasema. Ndilo neno lililokuwa karibu.

"Sasa kuna lile jiwe. Majina yalikuwa ishirini. Gazeti lilipotoka, kamati wakalitoa jina la baba. Wakasema mlevi hawezi kukaa pamoja na watu aliowaua. Halafu wanataka waandike juu kabisa kwamba ni ulevi, ili liwe fundisho. Nimewapelekea hii ripoti. Karani akaniambia, wewe ni mtoto wake, lazima umtetee, tuletee maandishi ya mtaalamu. Wanamtaka yule wa gazetini." Alinitazama. "Fundi anaanza kuchonga Jumatano."

"Na wewe unadhani ile sentensi ilitoka wapi?"

Niliuliza kujua anajua kiasi gani. Aliinamisha macho, na sikuona hofu usoni mwake. Alikuwa ananihifadhia heshima yangu, na hilo liliniudhi kuliko kama angenitukana.

"Dokta, ile kompyuta ya pembeni wanafunzi haturuhusiwi kuigusa. Mimi sijamwambia mtu na sitasema. Nataka mistari miwili tu. Kwamba hakuna ushahidi wa ulevi. Basi."

Jopo langu lilikuwa Alhamisi saa nne asubuhi. Mistari miwili ingefika kwa karani Jumatatu, Jumanne ingefika kwa yule mwandishi, Jumatano gazeti lingeuliza mbona mtaalamu anajikana, na mkuu wa idara, ambaye alinichukia kwa ukamilifu na kwa miaka mingi, angeingia kwenye jopo na gazeti kwapani. Hesabu hiyo niliimaliza yeye akiwa bado anafunga bahasha yake.

"Njoo Jumatatu uichukue," nikamwambia.

Jumatatu alikaa kwenye benchi la ukumbini kuanzia saa mbili asubuhi. Nilimwona kupitia upenyo wa mlango, magoti yamebanana, bahasha juu yake. Saa saba alikuwa bado yupo. Saa kumi nilitoka kwa mlango wa nyuma unaopita stoo ya viti, nikiwa nimekunja mwili ili nisigonge kitu kikapiga kelele.

Barua niliiandika, mtu asije akasema sikuandika. Mistari ilikuwa minne, mizuri, na sahihi yangu chini. Niliiweka kwenye droo ya meza nikaifunga kwa ufunguo, nikajiambia nitaipeleka Alhamisi mchana, jopo likishaisha. Nilijua fundi anaanza Jumatano. Nilijiambia mafundi huchelewa.

Jumanne asubuhi alinikuta kwenye ngazi, mbele ya watu.

"Dokta, ile barua..."

"Nimeshaipeleka," nikasema. "Jana, kwa mkono wangu, kwa karani."

Uso wake ulifunguka. Sijawahi kuona uso ukifunguka namna ile, na sitaki kuuona tena. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema Mungu akubariki, Dokta, Mungu akuzidishie, nakwenda kumwambia mama sasa hivi. Akashuka ngazi mbio.

Hakuniomba nakala. Hakwenda kwa karani kuuliza. Mtu aliyefuata sentensi moja mpaka kwenye kiti ilipoandikiwa, aliyekwenda shirika la reli mara nne, alilichukua neno langu tupu na kwenda nalo nyumbani. Nilisimama pale kwenye ngazi na kuwaza kitu kimoja cha kijinga: kwamba kama ingekuwa insha, hapo ningemkata alama.

Alhamisi jopo lilinipitisha. Makala ya gazeti ilisifiwa kama mchango kwa jamii. Saa saba mchana, watu wakiwa bado wananipa mikono, nilijifungia ofisini nikampigia karani wa manispaa. Nilimuuliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, mambo ya jiwe yamefikia wapi.

"Tayari, Profesa!" alisema. Habari zilikuwa zimeshamfikia. "Fundi alianza alfajiri ya jana, kamaliza sasa hivi. Kwani kuna la kuongeza? Maana hilo sio la mtandaoni hilo, likishachongwa limechongwa."

"Hapana, hakuna."

Na moyo wangu ulitulia. Nalisema kama lilivyo: ulitulia. Sasa lilikuwa nje ya uwezo wangu. Barua niliichana vipande vidogo, nikavitia kwenye kapu la taka, na juu yake nikamwaga majani ya chai.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imeshapita mtandaoni na gazetini, ikawa imefika kwenye jiwe.

Jiwe lilizinduliwa Jumapili saa tatu asubuhi, palepale kwenye reli. Boriti mpya ilikuwa imepakwa rangi nyekundu na nyeupe. Kulikuwa na viti vya plastiki, turubai na kipaza sauti kilichokuwa kikipiga mluzi. Nilikaribishwa mbele kama mgeni rasmi wa pili. Niliwaona wakiingia: Tanbihi amevaa gauni la kijani lililopigwa pasi vizuri, amemshika mkono mwanamke mfupi, mkavu, aliyejitanda kanga mpya na kuinua uso juu kidogo kama wafanyavyo wasioona. Waliketi mstari wa tatu. Tanbihi aliniinamia kichwa kwa heshima, akatabasamu. Nikaangalia reli.

Meya alivuta kitambaa. Jiwe lilikuwa jeusi, herufi zimetiwa rangi nyeupe, zinasomeka kutoka mbali. KWA KUMBUKUMBU YA WATU KUMI NA TISA WALIOPOTEZA MAISHA HAPA KWA ULEVI WA MLINZI WA KIZUIZI. Chini yake majina, kwa mistari.

Watu walipiga makofi. Nilimtazama Tanbihi, nikamwona akisoma. Alisoma mara ya kwanza, akarudi mwanzo akasoma tena, taratibu, kama anatafuta ile namba ndogo ya chanzo. Kisha akageuza kichwa, akaniangalia. Hakulia. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

Hotuba zilipoisha, zote za pole na shukrani bila neno la ulevi, watu walianza kusogea kuligusa jiwe. Mama alisimama, akamvuta bintiye. Nilitaka kuondoka, lakini meya alikuwa amenishika bega akinipongeza kwa uprofesa, na wao walikuja wakasimama hatua mbili kutoka tulipokuwa.

"Nisomee," mama alisema. "Soma polepole. Usiruke."

Tanbihi alisimama mbele ya jiwe. Huyu ni mtu ambaye hakuwahi kuandika neno moja asiloweza kuonyesha lilikotoka. Akaanza.

"Kwa kumbukumbu ya watu ishirini waliopoteza maisha hapa." Sauti yake ilikuwa imenyooka. "Mmoja wao mlinzi wa kizuizi, aliyeomba waya utengenezwe mara kumi na moja asisikilizwe, akatoka na bendera yake akasimama barabarani, akafa akiwazuia wenzake wasife."

Meya aliufungua mdomo. Nilimbana mkono kwa nguvu, akaufunga, ingawa hakujua kwa nini.

"Na jina lake lipo?"

"Lipo, mama. La kwanza kabisa."

Yule mama aliachia pumzi ndefu, pumzi ya majuma yote ambayo hakulala. Kisha akanyoosha mkono akalipapasa jiwe. Vidole vyake vilipita kwenye herufi kubwa za juu, kutoka mwanzo hadi mwisho, vikarudi, vikapita tena. Vilisita.

"Mbona maneno machache?" aliuliza. "Uliyonisomea ni marefu. Hapa ni mistari miwili tu."

Ile sauti iliyonyooka ilikuwa imekwisha. Tanbihi aligeuka akanitazama, na safari hii macho yake yalikuwa yananiomba.

"Mama," alisema mwishowe, "Profesa yupo hapa. Ndiye aliyeandika barua."

"Yuko wapi?" Mkono ulitoka kwenye jiwe, ukanitafuta hewani mpaka nikausogelea. Alinishika kiganja. Vidole vyake vilikuwa na vumbi jeupe la kuchongea. "Asante sana, mwanangu. Umemsitiri mume wangu. Mimi ni mtu wa giza, mtoto wangu ananipenda, anaweza kunidanganya ili nilale. Wewe ni msomi. Hebu niambie. Ndivyo ilivyoandikwa?"

Meya alikuwa anasikiliza. Mwandishi wa gazeti alikuwa nyuma yake na daftari. Nyuma ya mwandishi alisimama mtu wa makamo aliyekuwa ameketi pamoja nao, bila shaka yule jirani aliyemsomea mama gazeti, miwani puani, akisoma jiwe huku akitikisa kichwa, na nilijua kwamba kesho au keshokutwa ataketi kizingitini kwa huyu mama na kumsomea kila herufi.

"Ndivyo, mama," nikasema.

"Basi," alisema, akaniachia mkono. "Kama wewe umesema, ni kweli."